Aksenti ya Kukodi

Mathe wa beshte yangu alinikatia simu. Hakusema bai, hakusema pole. Alikata tu, mimi nikabaki nimeshikilia fon kwa sikio ka fala, nimekaa kwa ile kitanda yangu ya utotoni, Mutituni, hapa Masaku, Jumamosi saa nne asubuhi.

Kabla akate alikuwa ameniambia maneno matatu: "Mimi sitaki mkopo."

Acha nikueleze form, juu ukiskia hivyo utadhani mimi ni mkora. Job yangu ni kushika simu. Niko Nairobi, ofisi moja ya wasee wa kuhudumia wateja, kila mtu na hedifoni yake, siku nzima unapokea watu wamekasirika na hujawakosea. Nikianza, supavaiza alinivuta kando akaniambia nafanya poa, niko na bidii, lakini "ile kitu ya kwenu" niiache kwetu. Hakuitaja jina. Hakukuwa na haja. Ile kitu ya kwetu ni kushrub.

Mimi ni Mkamba, buda. Kikamba haina r, haina p, haina h. Hizo herufi hatukupewa, na hatukulia, tulitumia zile zilikuwepo. Gari ni ngali. Basi ni mbasi. Pesa ni mbesa. Nairobi ni Nailovi, na mtu wa Nailovi akicheka, sisi hucheka pia, juu hata yeye hajui kusema "Kyamwilu" bila kujing'ata ulimi. Kiswahili yangu ya kwanza niliipata juu ya hiyo Kikamba, ka mtu anajenga orofa juu ya keja ya udongo. Kabisa ilitokanga "kavisa". Nikichangamka ndio inakuwa noma zaidi.

So nikaenda kioo. Miezi mitatu, kila usiku, nasema "raha ya rafiki, rangi ya karatasi" mbele ya kioo ka mchizi. Nikapata aksenti. Si yangu, ni ya kukodi, naivaa saa moja kasoro nikiingia job na navua jioni. Hiyo ndio ilikuwa plani. Shida ni siku moja nilipiga simu nyumbani, mathe yangu akashika, nikamwambia "Habari ya asubuhi, naweza kukusaidia vipi?" Mathe akanyamaza. Akaniuliza kama niko mgonjwa.

Na si aksenti pekee. Kicheko yangu, ile ya kuzaliwa, inaanza ka nduthi imekataa kuwaka asubuhi: hi, hi, hi, hiii, alafu inashika moto na watu wanageuka. Hiyo pia niliweka kwa kabati. Nairobi nilijifunza kucheka na mdomo imefungwa. Inauma kidogo kwa pua lakini unazoea.

Sasa hiyo Jumamosi nilikuwa nimekuja ocha kupumzika, nikaanza kupanga vitu zangu za kitambo, nikapata ile daftari. Kama ulimaliza fomu four Kenya unaijua. Wiki za mwisho shule, kila mtu anatembeza daftari yake darasani, unaandikiwa ukurasa mzima: jina, jina la mtaani, ndoto yako, chakula unapenda, mesej ya mwisho, na chini kabisa namba ya simu. Yangu ni ya 2012. Nusu ya hizo namba si za wenyewe, ni za wazazi, juu simu shule ilikuwa haramu kuliko bangi. Kwa ukurasa wa deski yangu, yule manzi tulikaa naye deski moja miaka minne, kumeandikwa hivi: "Hii ni ya mathe. Ongea na heshima. Na uko na deni yangu, KDF mbili."

KDF ni ile mandazi kubwa, nyeusi, ngumu, ukirushia mtu anaenda hosi. Deni iko hapo kwa maandishi, miaka na miaka, na mimi sijawahi mpigia.

Nilianza na wengine kwanza, kujipasha moto. Namba ya kwanza ilikuwa mteja. Ya pili ikashikwa na jamaa wa Bungoma, mpole sana, akaniambia hiyo laini ako nayo miaka saba na kila Krismasi kuna mtu anampigia akimtafuta huyo dem, hadi yeye mwenyewe sasa anatamani kujua alienda wapi. Tulibonga dakika nne. Ya tatu ikashikwa na mwenyewe. Nikasema jina langu, akanyamaza, akasema pole pole, "Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna.

"Basi ni harusi? Nitatuma kitu mwisho wa mwezi."

Hapo ndio nilielewa vile tumeharibu hii kitu. Kenya hii, simu ya ghafla kutoka kwa mtu wa kitambo ni vitu mbili, matanga ama mchango. Kuna ya tatu, ile ya "kuna biashara fulani nimeingia, ningependa nikuonyeshe", na hiyo ni mbaya kuliko matanga. Mtu akiona namba ngeni anaanza kuhesabu akiba. Usimlaumu. Ni wangapi kati yetu tumeingizwa kwa grupu ya WhatsApp usiku wa manane, unaamka unapata uko kwa kamati ya harusi ya msee hata sura yake imekutoka? So siku hizi, mimi nikipigia mtu wa kitambo, sentensi ya kwanza ni "Hakuna amekufa." Ya pili ni "Sitaki doh." Ndio salamu inafuata. Jaribu, utaskia mtu akipumua ile pumzi ya kutua mzigo.

Huyo wa tatu, kusema ukweli, hata baada ya kutua mzigo hakukuwa na story. Tuliulizana watoto, tukaulizana job, tukasema "tutafutane". Hatutatafutana. Ni sawa. Si kila mtu mlikaa naye darasa moja alikuwa beshte yako, wengine mlikuwa tu mnanyeshewa na mvua moja.

Wasomi wameiangalia hii uoga yetu. 2021 wawili wa Marekani, Amit Kumar wa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin na Nicholas Epley wa Chicago, walitoa utafiti juu ya watu kutafuta marafiki wa zamani. Watu waliulizwa, ukimpigia beshte wa kitambo ama ukimwandikia imeli, gani itakuchoma? Wengi wakasema simu ndio iko na aibu. Alafu wakaambiwa haya, fanyeni kweli. Wale walipiga simu wakajiskia karibu zaidi na hao marafiki, na hiyo aibu waliogopa haikuzidi ya imeli. 2024 wasomi wengine, Lara Aknin na Gillian Sandstrom, wakapata kitu inachekesha zaidi. Walipea watu muda waandike mesej kwa rafiki wa zamani, namba wako nayo, maneno tayari, kubaki tu kubonyeza. Walituma chini ya theluthi moja. Mesej imeiva, na mtu anaiangalia tu ka chapo ya jirani.

Mimi niliisoma hiyo nikaona ni sisi kabisa, sisi wa kuangalia statasi ya mtu kila siku miaka tano, unajua mtoto wake ameng'oa jino gani, na hujawahi mwambia niaje.

Haya, turudi kwa mathe aliyenikatia.

Kabla nipige nilikuwa nimefanya ile mchezo ya M-Pesa. Unaweka namba, unaandika mbao, unangoja jina litokee, alafu unakata kabla itume. Jina likatokea, ni yeye, mathe wa Deski, laini haijahama. Nikakohoa, nikakaa wima, nikapiga. Na vile tu "Halo?" iliingia, mdomo yangu ikaenda job yenyewe. "Habari ya asubuhi mama, natumai hujambo, samahani kukusumbua, naitwa..." Ile sauti laini, imepigwa pasi. Mathe wa Masii, Jumamosi, kuku wanalia nyuma, anapigiwa na sauti imepigwa pasi. Atafikiria nini? Ni mkopo, ama ni wale wakora wa "mama, nimetuma pesa kwako kimakosa". Sitaki mkopo. Akakata.

Fikiria hiyo. Miezi mitatu ya kioo, na yote ilinifanya nifanane na mkora.

Nikakaa hapo dakika kumi. Nikapiga tena. Safari hii nilifunga macho.

"Wakya mwaitu."

Kimya kidogo. "Aa." Ile aa ndefu ya mtu mzima anangoja kuona wewe ni mtoto wa nani.

"Ni mimi, wa Mutituni. Tulikuwa deski moja na msichana wako. Yule wa ngali."

"Yule wa ngali?" Nikaskia kitu ikiwekwa chini, sufuria nadhani. "Yule wa ngali ya Kyamwilu? Aiya!"

Sasa lazima nikwambie ya Kyamwilu, na hii ni story nimeficha Nairobi miaka yote.

Kutoka Machakos tao, ukienda kama kilomita 12, iko mlima inaitwa Kituluni, na hapo kwa barabara kuna mahali inaitwa Kyamwilu. Dereva anazima injini, anatoa gia, na gari inaanza kupanda mlima yenyewe. Pole pole, bila mtu kusukuma. Ukimwaga maji kwa lami, maji yanapanda pia. Wazee wako na hadithi zao. Watu wa sayansi wanasema ni macho yanadanganywa na vile milima imelala, kwamba penye unaona ni juu kumbe ni chini, na mahali ka hiyo iko kwingine duniani, Canada pale Moncton wako na yao. Sawa. Lakini wewe simama hapo na chupa yako ya maji kwanza, ndio uniambie sayansi.

Shule ilitupeleka tukiwa fomu two. Basi imezimwa, dereva ametoa mguu, mikono juu, kimya. Alafu ikaanza kusonga. Na mimi, niliyekuwa nimejibana muhula mzima nisishrub mbele ya wale wasichana wa Nairobi, nikaruka kwa kiti nikapiga nduru: "Ngali inapanda! Ngali inapanda yenyewe kavisa!"

Basi nzima ilianguka. Walimu pia. Kutoka siku hiyo jina langu lilikuwa Ngali. Kwa daftari, kurasa ishirini na kitu, hakuna hata moja imeandika jina langu la kweli. Ngali, usitusahau. Ngali, tukutane juu. Nilichukia hiyo jina. Nikienda Nairobi niliiacha nyuma kimakusudi, na vile niliiacha, hakuna mtu wa kitambo angenipata, juu hawajui ile nyingine.

Na sasa mathe mmoja wa Masii, aliniona mara mbili ama tatu siku za kutembelewa, hakumbuki sura yangu wala jina la mzae yangu, lakini ngali anaikumbuka. "Msichana wangu alikuwa anaisema hapa kila likizo," akaniambia. "Tulicheka hadi marehemu mzee akamwaga chai."

Nikamwambia pole ya mzee. Nilikuwa sijui. Hiyo ndio bei ya kunyamaza miaka hiyo yote, unafika matanga ikiwa imeshakuwa story ya chai.

Akanisomea namba ya Deski, tarakimu moja moja, na akaruka moja katikati. Nikapiga tena kuuliza. Akaruka ingine. Mara ya tatu ndio ikatimia.

Kuna kitu nataka kusema hapa kuhusu hii tao yetu, na ukiwa wa Masaku unaijua lakini huwa tunaisahau. Machakos si jina. Machakos ni shrub. Palikuwa na mzee Mkamba, kiongozi, aliitwa Masaku. Waingereza walikuja, wakaweka kituo chao hapa kabla hata Nairobi kuwa Nairobi, hapa ndipo palikuwa makao yao ya kwanza bara, hadi reli ikatupita kando na 1899 wakahamia kule kwenye tope. Na wakiwa hapa walijaribu kusema "Masaku" ulimi ukakataa. Ikatoka Machakos. Wakaiandika kwa ramani, ikabaki, sai iko kwa leseni na kwa vyeti vya kuzaliwa. Hakuna mtu aliwapeleka kwa kioo. Mzungu akishrub inakuwa kaunti, mimi nikishrub naitwa kando na supavaiza.

Na si ati Wakenya hatupendi shrub. Tunaipenda, mradi iwe kwa TV. Mzee Ojwang wa Vitimbi, Mungu amlaze pema, alituchekesha miongo na ile Kiswahili yake ya Kijaluo. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau. Mkikuyu. Jamaa alikuwa anakodi shrub ya watu wengine na nchi nzima ikampenda hadi alipotuacha 2015. Mimi niko na yangu, orijino, sijakodi, na nilikuwa nailipia nauli iende mbali.

Deski alishika kwa mlio wa pili. Kabla niseme hakuna amekufa, akasema, "Nilimwacha."

Nikauliza nani.

"Wacha nianze mwanzo."

Buda, nilikufa. Hiyo ndio kitu yake! Huyu manzi tangu fomu wani anaanzanga story kwa mwisho. Alikuja darasani siku moja akasema "na ndio wakampeleka hosi", tukangoja hadi lanchi kujua ni nani. Tichee wa Kiswahili alimpigia kelele juu ya insha zake kila muhula. Kumbe mathe alikuwa amempigia kumwambia Ngali anakutafuta, so yeye hakuona haja ya salamu, aliingilia tu penye tuliwachia. Sasa ako na saluni hapo Masii, watoto wawili, na huyo aliyemwacha alikuwa fundi wa simu, na story ya kumwacha iko na mbuzi ndani, sitaimaliza hapa.

Penye mbuzi iliingia ndio kicheko ilitoka kwa kabati. Hi, hi, hi, hiii. Sikuiita. Mbwa wa jirani akaanza kubweka, na mathe yangu akatoka jikoni na mwiko kwa mkono, akasimama kwa mlango ananiangalia. Akarudi jikoni bila kusema kitu. Lakini nilimskia akiimba.

Tuliongea vile tulikuwa tunawasiliana likizo, enzi za Bamba ya mbao. Unakumbuka? Ukiwa umesota kabisa unatuma ile ya "tafadhali nipigie", na zikiisha unaflash. Kuflash ilikuwa lugha yenyewe. Sisi wawili tulikuwa na sheria: moja, nimefika salama. Mbili, niko nje kwa geti, toka. Tatu, mathe ako karibu, usipige. 2010 Zain iliposhusha dakika hadi bob 3 na wengine wakafuata mbio, tulidhani sasa tutaongea hadi masikio yaungue. Sai niko na bando za dakika zinaisha wiki ikiisha bila kuguswa, na tulikuwa tunabonga zaidi wakati tulikuwa tunakopa credo.

Dakika 47, alafu ikakatika. Simu yake iliisha moto.

Jumatatu nikarudi job. Mzee mmoja akapiga, amekasirika, maneno mob, analia juu ya kitu si kosa langu. Nikaskia Kiswahili yake nikajua ni wa kwetu, pande za Makueni. Nikamjibu na ile yangu, ya kweli. Sikushrub kimakusudi, niliacha tu mlango wazi. Akanyamaza katikati ya matusi. "Kwani wewe ni mtoto wetu?" Nikamwambia yii. Tukamaliza shida yake dakika sita. Supavaiza alikuwa anaskiza hiyo simu, na hadi sai hajaniita kando. Anaweza kuniita. Tutaona.

Wewe msomaji, sitakuambia uanze kuongea vibaya interviu ya kazi, kodi ni kodi. Lakini hiyo kitu yako, kigugumizi, kicheko, ile tabia ya kubonga peke yako ukitembea, kula embe na chumvi na pilipili hadi watu wanashangaa, kuna mtu mahali ameiweka vizuri kuliko wewe. Daftari yako iko wapi? Ama namba ya mathe wa beshte yako? Mathe huwa hawabadilishi laini. Piga, usitume mesej, na useme mapema hakuna amekufa.

Jumapili iliyofuata nilikuja tena Mutituni. Deski alikuwa amesema atafika saa saba, atapanda mathree ya Masii hadi tao alafu nduthi. Nilikuwa nimenunua KDF mbili kwa kibanda, nimezifunika na sahani. Saa saba ikapita. Saa nane pia. Saa tisa na robo simu ikalia mara moja ikakata. Ikalia tena, ikakata.

Nikavaa slipasi nikatoka.